Unamfukuza Nani, Afande?

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa waendesha baiskeli wa Busia, Malaba na Tororo, walipokutana kujiandaa kwa safari ya pamoja

Mwenyekiti amenionya kwamba askari akipewa kipaza sauti huanza na sheria na kumaliza na sheria. Leo nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Sheria itakuja zamu yake ikifika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika barabara moja ya huku mpakani. Yapata saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado zito, nikasikia mlio wa mnyororo wa baiskeli ukija kwa kasi. Taa sikuiona. Nilipomulika tochi nikamwona kijana ameinama juu ya usukani, ana mkoba mgongoni. Ninyi mnajua, nami najua, mkoba mgongoni alfajiri karibu na mpaka humaanisha nini machoni pa askari. Nikamsimamisha. Nikaumwaga mkoba wake chini: chupa mbili za maji, ndizi nne, tyubu ya akiba na pampu ndogo. Akaniambia anafanya mazoezi ya safari ndefu. Sikumsadiki. Nilimweka kando ya barabara saa nzima, nikimuuliza anampelekea nani ndizi nne.

Kulipopambazuka nilimwachilia bila kumwomba radhi. Na neno moja nililopaswa kumwambia, kwamba baiskeli yake haina taa, sikumwambia. Nilikuwa nikitafuta magendo. Taa sikuwa nikiitafuta.

Kijana yule hakupita tena mahali pangu pa zamu. Alihamia barabara kuu ya malori, akawa anatoka saa moja mapema zaidi ili asikutane na tochi yangu. Wiki ya tatu trela lilimpita karibu mno, na kamba ya turubai iliyokuwa ikining'inia ikanasa usukani wake. Alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Dereva aliendelea na safari, na mimi huamini kwamba hakujua lililotokea nyuma yake. Nilipopata habari nikaenda kumwona nyumbani kwao. Mama yake alinikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba, ni wewe uliyemfundisha mwanangu kuogopa tochi kuliko lori?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Lakini kijana mwenyewe, mkono ukiwa umefungwa kifuani, alinipa shauri. Alisema: "Afande, ukija kuendesha pamoja nasi, utajua tunatafuta nini." Basi nikaenda. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na kitambi ambacho wenzangu kituoni walikiita mzigo usiolipiwa ushuru.

Kabla sijawaeleza yaliyonipata, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana wako watu wanaodhani kwamba kuendesha baiskeli masafa marefu ni mchezo wa kigeni ulioletwa na watu wenye kofia za rangi. Hapa tulipo ndipo penye asili ya neno ambalo leo linatamkwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 na 1970, abiria aliyeshuka kwenye basi upande mmoja wa mpaka alikuwa na zaidi ya nusu maili ya kutembea kwa miguu, mizigo kichwani, kabla ya kufika kituo cha upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakaweka mito juu ya keria, wakawa wanaita wasafiri: boda, boda. Watu wa Busia husema lilianza Busia, na watu wa Malaba wana yao ya kusema. Mimi ni mtumishi wa pande zote, sitaamua kesi hiyo leo.

Lakini tazameni kazi yenyewe. Baiskeli ile nyeusi ya chuma tuliyoiita mamba ilikuwa na giya moja tu, na uzito wake ulizidi kilo ishirini kabla hujapakia kitu. Juu yake akakaa mtu mzima na gunia lake. Mwendeshaji akavuka, akarudi, akavuka tena, tangu asubuhi hadi jioni, siku sita kwa juma. Hakuwa na kocha. Hakuwa na saa ya kupima mapigo ya moyo. Ukimhesabia kilomita za mwaka mmoja, utakuta aliwapita wengi tunaowaona leo wakipigiwa makofi.

Baiskeli hizo hizo zilibeba na mengine. Miaka ya 1970, bidhaa za dukani zilipoadimika Uganda na bei ya kahawa ilipopanda duniani, kahawa ilivuka kwenda Kenya kwa njia za panya, na sabuni na chumvi zikarudi kwa njia hizo hizo. Kwa hiyo jicho la askari wa mpakani lilizoea kuitazama baiskeli iliyopakiwa kwa shaka, na jicho hilo lilirithishwa kutoka zamu hata zamu. Nasema hivi ili mjue mahali tochi yangu ilipotoka. Sisemi ili kuitetea.

Sasa safari yangu. Baada ya miezi minne ya mazoezi nilijiandikisha katika safari ya siku moja ya waendeshaji wa kujitolea, kutoka Busia hadi Kisumu, yapata kilomita 110. Hayakuwa mashindano. Hapakuwa na zawadi, ila chai na samaki mwishoni. Tuliondoka asubuhi, hewa ikiwa baridi, barabara ikiteremka na kupanda kwa upole, na vijana waliokuwa mbele wakaanza kukimbia. Nami nikakimbia nao. Mguu ulikuwa mwepesi, na kiburi kilikuwa chepesi zaidi. Bumala tukaipita kama upepo. Ugunja nikaona watu wanasimama kula, nikasema moyoni kwamba sina njaa. Huo ndio ujinga niliokuja kuwasimulia.

Mwili wa binadamu huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini, na akiba hiyo si kubwa. Ukienda kwa nguvu, huisha kwa saa mbili hivi, pengine kidogo zaidi. Njaa haitangulii kukupa habari kwa uaminifu. Ukiisikia njaa ukiwa juu ya baiskeli, ujue umekwisha kuchelewa. Tulipovuka mto Yala na kuanza kupanda kuelekea Luanda, jua likiwa la utosi, miguu yangu iligeuka kuwa ya mtu mwingine. Mikono ilitetemeka. Nikaona vimulimuli machoni. Nikashuka, nikawa nasukuma baiskeli yangu ya giya ishirini na moja, nyepesi, niliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba.

Hapo akanipita mzee mmoja juu ya mamba. Nyuma alikuwa amefunga makopo mawili ya maziwa, na kando yake mkungu wa ndizi. Hakuwa anakimbia, alikanyaga pole pole, kanyagio moja baada ya jingine, kama mtu anayepura nafaka. Alipoona fulana yangu yenye nembo ya polisi, akasimama, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza: "Unamfukuza nani, afande?"

Nikasema, simfukuzi mtu. Akasema, "Basi kaa chini." Akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha na chumvi, na maji. Tulikaa chini ya mti kwa muda wa nusu saa. Aliniambia kwamba yeye hula kila anapopita soko, ahisi njaa asihisi, na kwamba mlima hupandwa kwa pumzi ya kuzungumza: pumzi ikikatika hata usiweze kumsalimu mtu aliye kando ya njia, umekwenda mbio mno. Baadaye nilikuja kusoma maneno hayo hayo katika maandishi ya wataalamu wa michezo, yakiwa yamevikwa suti. Yule mzee alikuwa ameyajua tangu ujana wake, kwa sababu maziwa yakichelewa sokoni huganda.

Nilifika Kisumu jioni, wa pili kutoka mwisho. Mteremko wa kutoka Maseno nilishuka nikiwa nimeshika breki kwa mikono miwili, na sioni haya kulisema. Mteremko ule umewadanganya wengi waliodhani kwamba wamekwisha kufika.

Mazoezi, basi, yawe namna hii. Anza na umbali unaouweza bila kuteseka, uongeze kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili ujijenge. Misuli hukua wakati wa kupumzika, haikui barabarani. Safari moja ndefu kwa juma yatosha. Nyingine ziwe fupi. Ukiwa njiani, kula kitu kidogo kila baada ya nusu saa au dakika arobaini: ndizi, kiazi kitamu, andazi, nusu ya chapati. Waganda wenzetu wana rolex, nami nina ushahidi wa kutosha kwamba rolex moja humfikisha mtu mbali, ingawa asile mbili kabla ya mlima. Kunywa maji mafundo madogo mara kwa mara, yawe yamechemshwa, na siku ya joto kali tia chumvi kidogo na sukari. Joto la huku chini na unyevu wa ziwa hukausha mtu bila yeye kujua. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza. Hilo nalisema hasa kwa wa rika langu.

Kuna watu ng'ambo waliofanya uvumilivu huu kuwa desturi yenye kanuni zake. Huko Ufaransa kuna safari iitwayo Paris-Brest-Paris, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano na sasa ni ya waendeshaji wa kawaida: walimu, mafundi, wastaafu. Ni takriban kilomita 1,200, na muda wa mwisho ni saa 90. Aliyetangulia hapati taji. Kila anayemaliza katika muda amemaliza, basi. Mwendeshaji hubeba kadi, na kila kituo kadi hugongwa muhuri. Nilipolisoma hilo nilicheka, maana kugongewa mihuri vituoni ndiyo maisha yetu sisi watu wa mpaka. Kabla ya kuruhusiwa kuanza safari hiyo, sharti mtu awe amekamilisha safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Ile ya 200 hupewa saa kumi na tatu na nusu. Pigeni hesabu: haifiki kilomita 15 kwa saa, pamoja na kula na kupumzika. Mwendo huo mzee wa maziwa anao. Wengi wenu mnao.

Ila kuna kanuni yao moja ambayo hatuna, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Usiku, asiye na taa mbele na nyuma na fulana ya kuakisi mwanga haruhusiwi kuendelea, hata awe na miguu ya chuma.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Nilitazama katika hoteli moja hapa mjini, chai yangu ikapoa. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zipatazo 267, vilima juu ya vilima, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Tangu siku ile idadi ya vijana ninaowaona barabarani alfajiri imeongezeka, nami nafurahi. Lakini wale wa Kigali walifungiwa barabara, walitanguliwa na pikipiki, walifuatwa na magari ya wagonjwa. Na hata hivyo hatari haikosi. Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi, aliyekuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, alianguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022, akafariki. Alikuwa stadi kuliko sisi sote tulio hapa. Ninyi mnafanya mazoezi katika barabara ambayo haikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote, katikati ya mizigo inayokwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo.

Naomba mlielewe lori, maana lori halina uadui nanyi, lina upofu. Dereva ameketi juu, na upande wa kushoto chini ya dirisha lake kuna nafasi kubwa asiyoiona kabisa, hata kwa kioo. Humo ndimo mwendesha baiskeli hupenda kujipenyeza. Kama huoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni. Trela likikupita kwa kasi, upepo wake wa mbele hukusukuma nje ya lami, na mkia wake hukuvuta ndani. Usipigane nao kwa kukaza mikono, legeza viwiko, shika usukani sawasawa, nenda mstari ulionyooka. Na pale Malaba foleni inapokuwa ndefu, msipite kati ya malori yaliyosimama na magari yanayokuja. Mlango hufunguka ghafla, utingo huruka chini bila kutazama, na lori lililosimama tangu jana huchagua dakika hiyo hiyo kuondoka. Shukeni, msukume. Hakuna rekodi ya dunia inayovunjwa kwenye foleni ya Malaba.

Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma. Hiyo ndiyo sheria niliyowaahidi. Anayeshindwa kununua taa kwa sasa, asitoke kabla ya mapambazuko. Atoke saa moja asubuhi, jua likiwa limechomoza, arudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Afadhali upoteze saa moja ya baridi ya alfajiri.

Kuhusu kuvuka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka baina yao kwa kitambulisho cha taifa, na tangu vituo vya pamoja vianze kazi hapa Busia na Malaba, maafisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja. Hakuna sababu ya mwendesha baiskeli kupita kichakani. Najua njia ya panya ni fupi, najua haina malori, na najua wengine mmeizoea tangu utotoni kwa kuwa shamba la babu liko ng'ambo. Lakini mtu akianguka huko hakuna atakayejua aanze kumtafuta wapi, na askari akimkuta huko hatamwona mwanamichezo. Walimu wenye wanafunzi wasio na vitambulisho waende ofisi ya uhamiaji mapema waulize wanahitaji barua gani, wasingoje asubuhi ya safari.

Nami nina deni la upande wangu. Tumekubaliana na wenzangu wa zamu, na tumezungumza na wenzetu wa ng'ambo, kwamba vikundi vya mazoezi viandikishe majina, njia na saa zao katika kituo kilicho karibu. Daftari hilo si la washukiwa. Likifika saa tatu na mtu hajarudi, tutajua nani wa kutafutwa na katika barabara gani. Askari atakapowasimamisha, na atawasimamisha, maana kazi yake haijaondoka, kwanza atawasalimu, atauliza jina la kikundi, na atatazama taa zenu kabla ya mikoba yenu. Asipofanya hivyo, njooni kwangu na saa na mahali. Msihame barabara.

Safari yenyewe haifiki kilomita 100. Tutatoka Busia, tupite Adungosi hadi Malaba, tuvuke kwa miguu tukisukuma baiskeli, tuendelee hadi Tororo chini ya ule mwamba ambao mtauona muda mrefu kabla ya kuufikia, nao utawadanganya kwamba uko karibu. Hapo tutakula. Kisha tutarudi kwa njia ile ile. Mamba zinakaribishwa sawa na baiskeli za giya, na mwendo utakuwa wa aliye nyuma. Kila mtu aje na tyubu ya akiba, kitambulisho, maji na chakula chake cha njiani. Akina mama wa soko la Malaba wameahidi viazi, lakini msije mikono mitupu kwa kuwategemea.

Atakayefunga msafara ni yule kijana wa ndizi nne. Mtulinga wake ulipona, ingawa bega moja liko juu kidogo ya jingine. Ameomba mwenyewe nafasi hiyo ya nyuma kabisa, na jana alikuja kituoni kunionyesha taa aliyoinunua. Akaiwasha mezani kwangu mchana kweupe, akaiacha iwake, hatukusema mengi.

Fundi yuko pale chini ya mwembe, naye atafunga saa kumi. Wenye breki mbovu na minyororo iliyolegea waanze kwenda sasa. Wenye maswali wabaki nami.